Bunduki ya shangazi

Shangazi yangu anauza maandazi na chai ya rangi Ngamiani, Tanga, barazani kwake. Mwaka jana, usiku wa saa mbili hivi, vijana wawili walishuka kwenye pikipiki wakamvamia wakala wa pesa za simu aliye upande wa pili wa barabara. Kufumba na kufumbua wakawa wameshaondoka. Kesho yake shangazi akaitwa kutoa maelezo, na kwenye karatasi aliyotia sahihi kijana mmoja ana bunduki fupi.

Mimi ni wakili mchanga, wa kesi za mirathi na mipaka ya viwanja. Kesi ya wale vijana haikunihusu, na nasikia haikufika popote. Ila kila shangazi alipoisimulia, bunduki ilinikera. Pikipiki aliieleza vizuri, kilio cha wakala alikiigiza mpaka wajukuu wakacheka, lakini akifika kwenye bunduki anapita mbio. Nikimuuliza ilifananaje, ananijibu, "Wewe nawe! Si bunduki tu."

Idi iliyopita nikaomba nimhoji upya, kwa njia ya wanasaikolojia wawili wa Marekani, Ronald Fisher na Edward Geiselman, walioibuni miaka ya 1980. Mimi naiita mahojiano ya kumrudisha shahidi, kwa sababu kazi yake kubwa ndiyo hiyo: unamrudisha kwanza pale alipokuwa, halafu ndipo unamsikiliza. Mwaka 1989 walichapisha matokeo ya majaribio na wapelelezi wa Miami. Baada ya kufundishwa, wapelelezi wale walipata kwa mashahidi habari zaidi kwa asilimia 47 kuliko walivyokuwa wakipata kabla.

Nikamwambia afumbe macho. Sikumuuliza habari za wezi. Nilimuuliza mikono yake ilikuwa inafanya nini.

"Inakata donge," akasema. "Mafuta hayajachemka bado. Fundi cherehani kafungulia redio, taarabu. Unga umeniingia kwenye pete."

Hapo mtu unatamani kudakia. Usidakie. Nilihesabu moyoni mpaka kumi, na ilikuwa kazi, maana sisi mawakili tunalipwa kwa kusema. Naye akaendelea mwenyewe. Nilikuwa nimeshamwambia aseme kila kitu, hata anachokiona upuuzi, na asichokijua asikibahatishe.

Alipomaliza nikamwomba asimulie kinyumenyume, aanzie pikipiki inapoondoka. Akaona mchezo wa kitoto, lakini akajaribu. Ukisimulia kuanzia mwanzo, mazoea yanakusaidia kuziba mapengo: mwizi anakuja, anatisha, anachukua, anakimbia, hadithi ambayo sote tunaijua hata bila kuwepo. Ukirudi nyuma, yale mazoea hayakubebi.

"Pikipiki iligoma kuwaka," akasema, akafumbua macho kwa mshangao. Kwa mwaka mzima hakuwahi kulisema hilo. "Yule wa nyuma akawa anaisukuma kwa mguu. Kandambili za bluu, moja imefungwa kamba nyekundu."

Nyuso hakuziona vizuri na alisema hivyo bila aibu. Nikamwacha akanywa chai, kisha nikamuuliza kama kuna kitu chochote mikononi mwao ambacho hajakitaja.

Akanyamaza muda mrefu. "Bunduki naiona," akasema. "Lakini siioni barabarani. Naiona pale mezani, yule bwana anaandika. Aliniuliza, 'Ile bunduki aliishika mkono gani?' Nikasema wa kulia. Watu si wengi hutumia wa kulia?"

Sidhani yule mwandishi wa maelezo alikuwa na nia mbaya. Pengine wakala alishamtajia bunduki, naye akawa anakamilisha karatasi. Lakini kuuliza "mkono gani" ni kumpa mtu bunduki kwanza, kisha kumwomba aiweke mahali. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali, wakabadilisha kitenzi tu katika swali la mwendo wa magari. Wiki moja baadaye, walioulizwa kwa kitenzi kizito zaidi ndio waliokumbuka kwa wingi vioo vilivyovunjika, na vioo havikuwepo.

Kinachonishangaza ni mpangilio wetu. Mahakamani, wakili akimuuliza shahidi wake mwenyewe swali lenye jibu ndani yake, wa upande wa pili anaruka kupinga, na sheria iko upande wake. Hukumu ya rufaa ya mtu aitwaye Waziri Amani, ya mwaka 1980, kuhusu shahidi kumtambua mtuhumiwa, tunaikariri kama dua: shahidi alimwona mtuhumiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, kwenye mwanga upi, alimfahamu kabla? Taa ya barabarani tunaichunguza mpaka basi. Swali la kwanza kabisa, lililoulizwa asubuhi chumbani bila wakili wala hakimu, tunalikuta limeshageuka kuwa jibu, kwa wino wa bluu: "Mmoja alishika bunduki fupi mkono wa kulia."

Na mimi nisijisifu. Nilifika mwaka mzima baadaye, kwa shahidi aliyekwisha kuisimulia habari hiyo mara hamsini. Zile kandambili nazo siwezi kuziapia. Njia hii inataka ije mapema, kabla ya majirani kuongea na kabla ya karatasi.

"Sasa ile sahihi yangu naifutaje?" shangazi akauliza.

Nikamwambia haifutiki, ila mtu anaweza kwenda kuandika maelezo ya nyongeza. Akaniangalia kama niliyemwambia aende mwezini, akainuka kutazama kama unga umeumuka.