Jinsi tulivyoifuata kampuni ya madini hadi kwao

Kijiji cha mama yangu kiko nje kidogo ya Lubumbashi, chini ya kiwanda cha kuchenjua shaba na kobalti. Mvua ikizidi, bwawa la maji machafu ya kiwanda lilikuwa likifurika hadi kwenye kijito tunachomwagilia bustani. Lengalenga (mchicha) zinaungua, mihogo inaozea ardhini, watoto wanatoka majini na vipele miguuni. Tulilalamika getini, tukaambiwa tuandike barua. Tukaandika. Kimya.

Wenye kampuni hiyo wako Ulaya, nikasema tuwafuate huko huko. Wazee walinikumbusha Kilwa, ile ya huku kwetu Katanga, Kongo. Mwaka 2004 jeshi liliua watu zaidi ya 70 pale, na magari ya kampuni ya madini ya Anvil Mining yalibeba askari. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi hapa Lubumbashi iliwaachia wafanyakazi wa kampuni. Familia zikaenda hadi Kanada, na mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya Quebec ikawafungia mlango: ofisi ya kampuni kule Montreal ilifunguliwa baada ya mauaji, basi haikuhusika. Hukumu ile inaniuma hadi leo.

Lakini ng'ambo ya mpaka, Chingola, mambo yalikwenda vingine. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaruhusu wanakijiji wa Zambia kuishitaki kampuni ya madini ya Vedanta kule London kwa uchafuzi wa mito. Moja ya mambo waliyoyatazama majaji ni ripoti za Vedanta yenyewe, ilimojisifu kwamba inasimamia mazingira kwenye migodi ya matawi yake. Hapo nikapata pa kuanzia. Nilikaa saiba, kwenye duka la intaneti, nikisoma ripoti za mwaka za wenye kampuni yetu, nikitoa kila sentensi iliyosema wao ndio wanaosimamia maji na mabwawa.

Kazi kubwa ilikuwa kijijini. Tulinunua kaye (daftari) moja, akapewa mama mmoja anayeandika vizuri. Kila mafuriko aliandika tarehe, shamba la nani, matuta mangapi, kilichooza, na kingeuzwa bei gani sokoni. Akina mama walimsimamia kweli kweli: "Mwanangu, andika na pesa ya dawa ya mtoto." Picha tulipiga kwa simu, na kila picha lazima ionyeshe bomba la moshi la kiwanda, asije mtu akasema ni kijito cha kwingine. Maji yalipochotwa kupelekwa kupimwa, chifu na ajenti wa mazingira walikuwepo. Chupa zikafungwa mbele yao, wakatia sahihi.

Mahakama za Ulaya ni ghali. Avoka (wakili) wa shirika moja la hapa mjini alituelekeza kwanza kwenye ofisi ambayo kila nchi inayofuata miongozo ya OCDE (umoja wa kiuchumi wa nchi nyingi tajiri, kwa Kiingereza OECD) lazima iwe nayo kwa ajili ya malalamiko juu ya kampuni zake. Kupeleka lalamiko ni bure. Ofisi hiyo haina uwezo wa kumlazimisha mtu kulipa, inaita tu pande mbili zipatane, na wengi wanaidharau kwa sababu hiyo. Mimi naona kwa kijiji maskini kumleta mwenye mali mezani ni hatua kubwa. Kwenye lalamiko letu tuliweka pia Sheria yetu ya Madini, iliyorekebishwa 2018: mwenye haki ya kuchimba analipa madhara hata kama hakufanya uzembe.

Mazungumzo yalikuwa ya siri, ndiyo maana sitaji jina. Ukuta wa bwawa uliinuliwa, visima vikachimbwa, na mazao yote yaliyokuwa kwenye kaye yakalipwa. Ambao hawakuandikwa hawakupata kitu, na hilo limeleta maneno makali kati ya jirani na jirani.

Madai ya ngozi za watoto waliyakataa, wakasema hakuna vipimo vya kabla ya kiwanda kujengwa. Faili hilo ndilo tunaloandaa sasa na daktari mmoja wa mjini, na avoka anatafuta kama linaweza kusikilizwa na mahakama ya huko kwao.