Tajiri alinikana mpaka nilipotoa karatasi za mizani

Miaka sita nimepakia chumvi Marereni kupeleka Nairobi. Lori la tajiri, dizeli ya tajiri, mimi nalipwa kwa tripu. Siku kamba ya turubai ilipokatika pale Gongoni, nilianguka kutoka juu ya mzigo nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Tajiri akanijibu kwa ujumbe mmoja: "Wewe si mfanyakazi wangu, unajitegemea. Jitibu." Na pesa za tripu tatu akazizuia, eti magunia yalipungua.

Ushauri nilioupata maskani unanichoma hadi leo. Mmoja aliniambia ninyamaze, nisije nikanyimwa gari na matajiri wote. Mwingine, nisaini karatasi nichukue elfu kumi na tano mambo yaishe. Wa tatu, na huyu nilimsikiliza, akasema nikae na ufunguo wa lori mpaka nilipwe. Jioni ya pili polisi walikuja nyumbani. Mke wangu kasimama mlangoni na mtoto mgongoni, mimi mkono uko kwenye plasta, naulizwa kwa nini nimeiba gari. Nikautoa ufunguo palepale. Ndugu dereva, usishike mali ya mtu ukidai haki yako, utamtengenezea yeye kesi.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja aliyestaafu udereva. "Mwanangu, karatasi za mizani umeziweka wapi?"

Zilikuwa kwenye bahasha ya kaki niliyozoea kuibana juu ya kioo, upande wangu. Kila nikipita kwenye mizani ya malori pale Mariakani nilitia karatasi humo: namba ya gari, uzito, tarehe. Nikaomba taarifa ya M-Pesa ya miaka miwili. Usiku kucha mke wangu alinisomea tarehe, mimi natia alama kwa mkono wa kushoto. Mizani Jumanne, pesa ya tajiri Ijumaa. Mizani Jumatatu, pesa Alhamisi. Tripu 58 zililingana! Juu yake nikaweka sauti zake za WhatsApp: "Usilale Voi, pita moja kwa moja." "Gari usimpe mtu mwingine."

Nikapeleka madai ofisi ya kazi. Afisa alizipindua zile karatasi moja moja, pembe zimekakamaa kwa chumvi. Kisha akamgeukia tajiri: mtu anayejitegemea hupangiwa pa kulala? Mkataba wa maandishi hakuwa nao, na chini ya Sheria ya Ajira ya 2007 jukumu la kuuandika linamwangukia mwajiri. Upungufu wa magunia nao hakuweza kuuonyesha. Pesa za tripu nilizipata wiki ileile.

Jeraha lilikuwa safari nyingine. Tajiri alinionyesha stika ya bima kwenye kioo cha lori. Ile ya lazima ni ya watu wengine barabarani. Dereva aliyeajiriwa akiumia kazini, lake ni WIBA, sheria ya 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini, na mwajiri ndiye anayetakiwa kuikata bima hiyo na kugharamia matibabu. Ajali anapaswa kuiripoti ndani ya siku saba tangu aarifiwe. Wangu hakuripoti, kwa hiyo nilienda mwenyewe kwenye ofisi ya serikali ya usalama na afya kazini. Madai yana miezi kumi na miwili tangu siku ya ajali, usiyaache yalale. Daktari hujaza sehemu yake ya fomu na kuandika asilimia ya ulemavu. Ulemavu kamili wa kudumu huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96, na wewe unapata kwa asilimia yako. Ile elfu kumi na tano haikufika hata robo ya nilichopata.

Mwenye lori lake mwenyewe hana tajiri wa kumdai, ajikatie bima ya ajali binafsi. Na tanboi wake, yaani utingo, akiumia, mwajiri ni yeye.

Sasa naendesha kwa tajiri mwingine. Mkono unauma nikikaza turubai, lakini unakaza. Bahasha ya kaki ni mpya, na mke wangu anapiga picha kila karatasi kabla sijavua viatu.