Bili ya kinyesi cha paka

Juzi nimelipa pauni 85 kupimiwa kinyesi cha paka ambaye hata si wangu. Zidisheni wenyewe, halafu mniambie ni kodi ya miezi mingapi pale Chikongola. Hela iliniuma, ila kilichonichoma zaidi ni dada wa mapokezi pale kliniki ya wanyama. Aliposikia natokea Mtwara, Tanzania, akauliza kwa mshangao wa kweli: "Kwani kwenu paka wanapimwa?"

Wanapimwa, dada. Mtwara kuna kituo cha TVLA, maabara ya mifugo ya taifa, na mimi nimesomea maabara kabla sijaja huku Leicester kulea wazee wa watu.

Paka mwenyewe ni shume wa mtaani. Tangu Juni 10, 2024 sheria ya England inataka paka wa kufugwa awe na chipu chini ya ngozi. Huyu walimpitishia mashine, kimya. Tumbo limemvimba, manyoya yamesimama, na anajisaidia kwenye bustani anamotambaa mjukuu wa mama mwenye nyumba. Mayai ya mnyoo wa paka yakikaa wiki kadhaa udongoni yanaiva, mtoto akila udongo ule yanamwingia. Ningenyamazaje?

Na hicho walichonitoza ni nini? Unakoroga kinyesi kidogo kwenye maji ya chumvi iliyokolea mpaka haiyeyuki tena, unachuja, unajaza kichupa hadi mdomoni, unafunika kwa kioo chembamba, unasubiri kama dakika 15. Mayai ni mepesi kuliko maji yale, yanaelea na kunasa kiooni, ndipo unaweka kwenye hadubini. Chumvi, jamani! Kwetu Lindi na Mtwara inavunwa pwani kwa magunia.

Jibu la kwanza likaja: hakuna kitu. Nikakataa. Minyoo haitoi mayai sawasawa kila siku, nikaomba wapime sampuli za siku tatu. Mtu wa Kusini haelezwi hili mara mbili. Wataalamu wa matende walitutoboa vidole usiku wa manane kwa sababu vimelea vile huja kwenye damu ya karibu na ngozi usiku. Mchana unaweza kupima ukaambiwa mzima. Kila mdudu ana tabia yake. Tegu anayeenezwa na viroboto hutoka vipandevipande kama punje za mchele mkiani, chumvi mara nyingi inamkosa. Mnyoo wa mapafu anatafutwa kwa maji ya vuguvugu, kinyesi kikalowekwa usiku kucha ili viluwiluwi vishuke. Toxoplasma, kimelea cha hatari kwa mjamzito, ndiyo ngumu zaidi: paka huitoa kwa wiki moja mpaka tatu hivi, kisha choo kinakuwa safi.

Daktari, mama wa makamo, alinisikiliza mpaka mwisho. Mara ya pili akaniita nitazame mwenyewe: yai la Toxocara cati, yule mnyoo wa paka, duara, gamba nene lenye vishimovishimo. Hakunitoza senti. Nilitoka pale nimenyooka mgongo.

Wadogo zangu mnaopanga kuja, hasa mliosoma SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro: udaktari wa mifugo huku haufanyiki bila kusajiliwa na RCVS, chombo chao cha madaktari wa mifugo, na wengi wetu tunapitia mtihani wao. Ulizeni hayo mkiwa bado nyumbani, na ada ya mtihani muiweke pembeni kabla ya nauli ya ndege. Mimi ujuzi wangu unatumika kwa paka wa mtaani, mshahara unatoka kwenye kuwageuza wazee kitandani. Inauma.

Na nyie mnaonitumia picha za paka wa Feri huko Mtwara mkiuliza wapewe dawa gani: picha haioneshi yai. Chukueni kinyesi kibichi cha leo, kisichokaa mchangani, kwenye kopo safi lenye mfuniko. Mjamzito asikishike. Kiwekeni kivulini, andikeni tarehe, mkipeleke asubuhi hiyohiyo. Fanyeni hivyo siku tatu, halafu ndiyo mnipigie kuhusu dawa.