Nilimfuata Sayyid Khalid, Nikaonyeshwa Napoleon

Kisiwa tulikiona. Jabali jeusi limesimama baharini, wingu limelikalia kichwani, na njia ya ndege imechongwa ukingoni kabisa, mbele yake maji matupu. Rubani akateremka, ndege ikatikiswa hadi mama aliyekaa nyuma yangu akaanza kusali kwa sauti, kisha tukapanda juu tena. Akajaribu mara nyingine. Halafu akatangaza kwa upole, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu, kwamba upepo umekataa na tunarudi Namibia.

Yaani ufike juu ya Saint Helena, uone mpaka mapaa ya nyumba, halafu ugeuzwe. Tukalala Walvis Bay kwenye hoteli ambayo shirika la ndege lilituambia imelipiwa, na asubuhi mwenye hoteli akatuambia haikulipiwa. Mabishano yalichukua muda mrefu kuliko usingizi. Wenzangu walikuwa na kadi za benki za kila rangi, wakalipa wakasahau. Mimi nililipa nikakumbuka, na nakumbuka mpaka leo.

Kisiwa chenyewe kiko Atlantiki ya Kusini, kiasi cha kilomita 1,900 kutoka pwani ya Angola. Ni kilomita za mraba 122 tu. Unguja inakizidi zaidi ya mara kumi. Zamani ulikuwa unakifikia kwa meli kutoka Cape Town, siku tano baharini. Waingereza wakajenga uwanja wa ndege kwa pauni milioni 285, walipomaliza wakagundua upepo wa pale hauna adabu, na ndege za abiria za ratiba zikaanza Oktoba 2017. Nauli niliyolipa kutoka Johannesburg ingeninunulia bodaboda mpya hapa Dar. Juu yake wanakutaka uwe na bima ya matibabu itakayolipia kukusafirisha nje ukizidiwa, maana hospitali kubwa iko ng'ambo ya bahari. Hiyo bima nayo ina bei yake, na wakala aliyeniuzia hakuwahi kusikia jina la kisiwa.

Wengi wanaokwenda kule wanamfuata Napoleon, mfalme wa Wafaransa ambaye Waingereza walimfungia kisiwani mpaka akafa. Mimi nilikuwa namfuata Sayyid Khalid bin Barghash.

Anayetoka Unguja hahitaji kuelezwa, lakini kwa wengine: Agosti 25, 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid, kijana wa miaka 22, akaingia kasri na kujitangaza. Waingereza walikuwa na mtu wao, Hamoud bin Mohammed. Wakampa Khalid mpaka saa tatu asubuhi ya Agosti 27 ashushe bendera. Hakushusha. Manowari zikapiga mizinga kwa muda wa dakika 38 hivi, upande wa kasri wakafa na kujeruhiwa watu wapatao 500, na Beit al-Hukm, mojawapo ya majumba ya kasri, ikawa kifusi. Khalid akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Oktoba maji yalipojaa, mashua ya Wajerumani ikaingia mpaka kwenye bustani ya ubalozi, akapanda bila kukanyaga ardhi waliyoishika Waingereza, akapelekwa Dar es Salaam. Huko alikaa miaka 20, mpaka Waingereza walipoiteka Dar mwaka 1916 na kumkuta. Ndipo wakamleta Saint Helena.

Kwa hiyo nilipofika Jamestown, mji mkuu wa kisiwa, hatimaye, swali langu lilikuwa moja: alikaa wapi? Dereva wa teksi hakuwahi kumsikia. Mama mwenye nyumba ya wageni alisema labda namchanganya na mfalme wa Wazulu. Wala hakukosea kabisa, maana Dinuzulu naye alifungwa kisiwani kuanzia 1890 mpaka 1897. Kijana wa ofisi ya watalii alinisikiliza kwa heshima zote, akanipa karatasi yenye saa za kutembelea Longwood, nyumba aliyofungiwa Napoleon.

Basi nikaenda Longwood.

Jamestown iko bondeni na ina joto zuri. Ukipanda kwenda Longwood, kama mita 500 juu ya bahari, unaingia kwenye ukungu na upepo, na koti nililolichekelea Dar likawa halitoshi. Nyumba ni ya ghorofa moja, ya kawaida kabisa, na juu yake inapepea bendera ya Ufaransa, kwa kuwa serikali ya Ufaransa iliinunua mwaka 1858 pamoja na kiwanja cha kaburi. Ukivuka geti unakuwa kwa Wafaransa, ingawa aliyekukatia tiketi anazungumza Kiingereza cha kisiwani na anakuita mpenzi.

Nilikuta watu wachache, mmoja wao mzee Mfaransa aliyevaa koti la suti na tai, katika ukungu ule. Kila chumba tulichoingia alivua kofia. Chumba cha kwanza kina meza ya biliadi, na kwenye mbao za dirisha kuna matundu mawili. Napoleon alitoboa matundu hayo ili awachungulie walinzi kwa darubini bila wao kumwona. Fikiri hilo. Mtu aliyeamrisha nusu ya Ulaya, anachungulia askari kupitia tundu. Walinzi nao walikuwa na kazi moja ya ajabu: ofisa mmoja alitakiwa kumwona mfungwa kwa macho mara mbili kwa siku, na kama hakuonekana kabisa, ingepandishwa bendera ya buluu. Haikupandishwa hata mara moja. Askari zaidi ya 2,000, manowari zinazunguka kisiwa usiku na mchana, na yeye amejifungia ndani kwa kiburi ili wasimwone.

Mzee alianza kunieleza, ingawa sikuwa nimemwuliza. Alieleza jinsi Napoleon alivyoshuka Jamestown Oktoba 1815, akakaa kwanza The Briars kwa familia ya Balcombe, akicheza na binti yao Betsy aliyekuwa hamwogopi. Akahamishiwa hapa Desemba. Akaja Gavana Hudson Lowe mwaka 1816, na hapo ugomvi ukawa ndio chakula chao. Serikali ya Uingereza ilimtambua kama Jenerali Bonaparte. Yeye alitaka aitwe Mfalme Mkuu. Barua zilizoandikwa "Jenerali" zilirudishwa. Lowe akataka matumizi ya nyumba yapunguzwe. Napoleon akaamuru vyombo vyake vya fedha vivunjwe kwa nyundo na kuuzwa mjini kwa uzito, ili watu waone Uingereza inavyomlaza njaa. Usiku, katika nyumba yenye panya na kuta zenye kuvu, walikula wakiwa wamevaa sare kamili, wake wa maofisa na magauni yao, mishumaa inawaka, na watu wakisimama mbele yake mpaka miguu inavimba.

"Na sumu je?" nikamwuliza, maana nilijua atafika huko. Hakuhitaji kusukumwa. Aseniki, Montholon aliyekuwa ofisa wake, mvinyo. Alikuwa na ushahidi wake wote kichwani. Madaktari wengi wanasema ilikuwa saratani ya tumbo, nami nikalisema hilo, akanitazama kama mtoto aliyejibu vibaya darasani.

Tukafika sebuleni. Hapo ndipo palipowekwa kitanda chake cha kambini, kati ya madirisha mawili, na ndipo alipokata roho Mei 5, 1821, saa kumi na moja na dakika 49 jioni, akiwa na miaka 51. Mzee aliinamisha kichwa. Wote tukanyamaza. Nami, sijui ni baridi au ni hasira ya bili ya Walvis Bay, nikamwuliza kwa sauti ya kawaida kama Toussaint Louverture, kiongozi wa watumwa walioasi Haiti, naye ana chumba kama hiki mahali fulani.

Uso ukabadilika. Toussaint alikamatwa 1802, mwaka uleule Napoleon aliporudisha utumwa katika makoloni, akafungwa katika ngome ya mlimani Ufaransa, Fort de Joux, na baridi ikammaliza Aprili 1803. Mzee alijua vyote. Akaniambia Napoleon mwenyewe, akiwa hapa Longwood, alikiri kwamba kupeleka jeshi Saint-Domingue, yaani Haiti ya leo, lilikuwa kosa, na kwamba angemwacha Toussaint atawale kwa niaba yake. Nikamwambia kukiri kwa mtu aliyekwisha kunyang'anywa jeshi ni rahisi. Akanijibu, hata hivyo ni wangapi waliokiri? Hapo sikuwa na jibu la haraka. Mlinzi wa nyumba akatukohoa, tukatolewa taratibu kuelekea bustanini.

Bustani ndiyo niliyoipenda. Mwaka 1819 na 1820 Napoleon alikuwa amekwisha kukata tamaa ya kuachiwa, akaanza kulima, kofia ya majani kichwani, akiamsha nyumba nzima alfajiri. Vibarua wengi walikuwa Wachina. Njia zilichimbwa zikazama chini ya usawa wa ardhi ili akitembea asionekane na walinzi. Tulizipita mimi na mzee, mabega yetu yakiwa chini ya ukingo, bado tumenuniana.

Ndipo akaniuliza natoka wapi. Nikasema Zanzibar. "Ah, mlikuwa na sultani." Nikasema tulikuwa na wengi, na mmoja wao aliletwa hapa. Akasimama. Alikuwa amekuja kisiwani mara nyingi kwa hesabu yake, kila kitabu cha Longwood amekisoma, na hakuwahi kuambiwa. Nikamsimulia yote, kasri, mizinga, mashua ya maji kujaa. Dakika 38 zilimchekesha, watu 500 wakamnyamazisha. Akauliza: "Nani aliandika?"

Nikabaki namtazama. Napoleon alikuja na watu wanne wa kalamu: Bertrand, Montholon, Gourgaud na Las Cases. Aliwasimulia vita vyake usiku kucha wakiandika. Las Cases alifukuzwa kisiwani mwishoni mwa 1816, karatasi zake zikazuiliwa, lakini mwaka 1823 alikwisha kuchapisha kitabu na Ulaya nzima ikakinunua. Sasa kila kijiko cha Longwood kina lebo. Khalid alikaa kisiwa hichohicho kuanzia 1917 mpaka 1921, na mimi nimeuza kiwanja kidogo cha Bububu kuja kuuliza nyumba yake kwa madereva wa teksi. Nani aliandika? Sisi tuna mashairi ya kila harusi, na watu wa kuhadithia mizinga ya Agosti hadi saa na dakika. Safari ya mtu mwenyewe baada ya hapo hatuifuati. Tulimwacha kwenye mashua.

Tulichangia teksi kwenda kaburini, bei ikagawanywa nusu kwa nusu, na hilo lilitupatanisha zaidi ya hoja yoyote. Kaburi liko bondeni, unateremka kwa miguu kwenye nyasi. Limezungushiwa chuma, na jiwe lake halina jina. Wafaransa walitaka liandikwe Napoleon; Lowe akasisitiza liongezwe Bonaparte; basi likabaki tupu. Ndani nako tupu, maana mwaka 1840 walikuja na meli ya La Belle Poule wakauchimba mwili wakaupeleka Paris. Mzee alivua kofia kwa shimo.

Siku zilizobaki sina la maana la kusimulia. Nilikwenda Rupert's Valley, ambako Waingereza waliwashusha Waafrika waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, wengi wao wakifa muda mfupi baadaye. Barabara ya uwanja wa ndege ilipochimbwa mwaka 2008 ilifukua miili 325, na ikazikwa upya mwaka 2022 tu. Mbao za jahazi moja lililokamatwa ndizo zilizoleta mchwa, mchwa wakaila Jamestown, baadaye hata Longwood. Mtu wa kwetu aliyeiona Beit al-Ajaib, jumba letu la kale la Unguja, ikiporomoka Desemba 2020 hawezi kucheka.

Chakula: samaki wazuri, mboga haba, mkate unaisha dukani asubuhi. Wana wali wa kupika sufuria moja pamoja na nyama na bizari, wanauita plo. Bibi yangu angeufukuza jikoni. Kahawa ya kisiwani, ambayo mbegu yake ilitoka Yemen na Napoleon aliisifu, ni nzuri kweli, na kikombe kimoja kina bei ya mlo. Nilikunywa kimoja. Onyo jingine: noti za pauni za Saint Helena zibadilishe kabla hujapanda ndege. Johannesburg walizigeuza mbele na nyuma, wakanirudishia.

Mzee Mfaransa ananiandikia. Ananiuliza kila mara kama nimepata. Ninachokijua ni hiki: baada ya Saint Helena walimpeleka Khalid Shelisheli, kisha wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki, lakini si Unguja. Alifia Mombasa mwaka 1927. Kwa hiyo ndugu zangu wa Mombasa, mwenye kujua amezikwa wapi, au mwenye mzee wa nyumbani aliyesikia lolote, tafadhali aniandikie. Nauli ya basi ninayo. Ya ndege sina tena.