Ziwa letu kwenye skrini

Kila jioni, baada ya taarifa ya habari ya saa mbili, nyumbani kwetu Kirumba, Mwanza, tunatazama tamthilia, nami hubaki na swali lile lile: mbona wahusika wote wanaishi katika majumba ya kifahari ya Dar es Salaam, huku Mwanza ikipewa sekunde chache tu za Jiwe la Bismarck, lile lililo ndani ya Ziwa Victoria?

Filamu iliyotutangaza zaidi ng'ambo ni Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyotoka mwaka 2004 ikieleza biashara ya samaki aina ya sangara na umaskini unaoizunguka. Rais Kikwete aliilaumu hadharani mwaka 2006, na ingawa sidhani kwamba umaskini ule ulibuniwa, nakubali kwamba mtazamaji huondoka akiamini huku hakuna anayecheka.

Hata hivyo, kinachonikera zaidi ni uzembe wa watayarishaji wetu wenyewe. Juzi mvuvi wa tamthilia alishuka mtumbwini akiwa na shati lililopigwa pasi, mikononi hana hata gamba moja la samaki. Mama mkwe wangu, ambaye ameuza dagaa katika soko la Mwaloni kwa miaka mingi, aliweka kikombe chini akauliza kama huyo anatoka ziwani au harusini. Tukabadili chaneli.