Meli Ikiruka Bandari Uliyoisubiri

Kwenye meli ya kitalii tangazo huja mapema, mara nyingi watu wakiwa bado kwenye staftahi. Sauti ya nahodha inatoka kwenye spika za korido: upepo umezidi, leo hatutatia nanga, meli inaendelea na safari. Kwa mtu aliyetoka Nairobi baada ya kudunduliza miaka miwili kwenye chama cha akiba, maneno hayo yanauma, na hakuna haja ya kujifanya hayaumi. Ila saa mbili zinazofuata ndizo zinazoamua kama utapoteza bandari peke yake au bandari pamoja na pesa zako.

Kitu cha kwanza ni kumjulisha mtu anayekusubiri nchi kavu. Ikiwa matembezi uliyanunua melini, tulia: pesa hizo hurudishwa zenyewe kwenye akaunti yako ya melini, na hakuna faida ya kupanga foleni mapokezi. Ikiwa ulipatana na mwongozaji wa kwako, yeye hajui lolote. Pengine ameshawasha gari. Tumia Wi-Fi ya meli mara moja, kabla abiria wote hawajaingia humo ikawa nzito. Kwa mwongozaji wa Unguja, ujumbe kama huu unatosha: “Asalaam aleikum kaka. Meli yetu haitashusha abiria leo kwa sababu ya upepo. Tulikuwa wanne, saa tatu asubuhi, tumelipa nusu. Naomba utuambie utaratibu wako wa kurudisha pesa. Barua ya meli nitakutumia jioni.” Idadi, saa, kiasi, sababu. Waongozaji wengi wanaoishi kwa wageni wa meli hurudisha pesa meli isipofika, lakini hilo liwe limeandikwa kabla hujatuma shilingi. Asiyekubali kuliandika, tafuta mwingine.

Simu iwe kwenye hali ya ndegeni wakati huo wote, Wi-Fi pekee ikiwa imewashwa. Mtandao wa simu unaoonekana baharini ni wa meli yenyewe, unapitia setelaiti, na bando la kutumia nje ya nchi ulilonunua Nairobi kwa kawaida haliuhusu. Dakika chache za kupiga simu zinaweza kugharimu kuliko hayo matembezi.

Barua niliyoitaja ndiyo karatasi muhimu kuliko zote. Iombe mapokezi alasiri, foleni ikipungua. Iwe na jina la meli, tarehe, jina la bandari, sababu ya kutofika, na sahihi au muhuri. Piga picha pia ratiba ya siku, ile inayoachwa chumbani jioni iliyotangulia, kwa kuwa inaonyesha bandari ilikuwa imepangwa. Bila viwili hivi madai ya bima hayaendi popote. Na hapo kwenye bima ndipo wengi huteleza: fidia ya wewe kuachwa na meli kwa kuchelewa si fidia ya bandari iliyorukwa. Ni vipengele viwili tofauti, na bima ya safari ya bei ya chini mara nyingi ina hicho cha kwanza tu. Tena ziko sera zinazolipa bandari ikirukwa kwa hali ya hewa lakini hazilipi kama tatizo lilikuwa mashua za kuwafikisha abiria ufukweni, au kama meli ilikwenda bandari nyingine badala yake. Muulize wakala wako akuonyeshe kipengele chenyewe kwa kidole, kabla ya kulipa.

Kuhusu meli yenyewe, usiwe na matumaini makubwa. Karibu kila mkataba wa tiketi unampa nahodha haki ya kuruka au kubadilisha bandari bila fidia. Kinachorudi ni ada na kodi za bandari ile, na huwekwa kwenye akaunti ya melini. Uliza kama salio hilo linalipwa mwisho wa safari au linapotea usipolitumia, kisha kagua taarifa ya akaunti usiku wa mwisho, kwa sababu kosa ni rahisi kurekebishwa ukiwa bado ndani. Hati ya haki za abiria iliyopitishwa mwaka 2013 na CLIA, muungano wa kampuni za meli za kitalii, inataja kurudishiwa nauli safari ikifutwa au kukatizwa kwa hitilafu ya mitambo. Bandari moja kurukwa kwa upepo haimo. Dada aliye nyuma ya kaunta hana uwezo wa kukupa zaidi, na kumfokea kunamharibia siku bure.

Kwa nini upepo ambao unauona wa kawaida uzuie jitu kama lile? Kwa sababu ya ubavu wake. Meli ya mita 300 ni kama majengo matatu ya KICC, lile ghorofa refu la Nairobi, yaliyolazwa chini mfululizo, na juu ya maji ina ghorofa zaidi ya kumi. Ubavu huo unashika upepo kama tanga. Baharini hakuna shida, lakini mlango wa bandari ni mwembamba na meli huupita polepole, hivyo usukani unakosa nguvu na upepo wa ubavuni unaisukuma kando. Pale pasipo gati ni vigumu zaidi: meli hutia nanga nje na abiria hushuka kwa mashua ndogo. Wimbi likiinua mashua nusu mita huku ngazi ya meli ikishuka, mguu wa mtu uko katikati. Mama wa miaka sabini hawezi kuruka hapo, na nahodha hatamruhusu ajaribu.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia safari, uliza kila bandari kama ina gati au ni ya mashua. Santorini, kisiwa cha Ugiriki, ni ya mashua. Nosy Be ya Madagaska vivyo hivyo. Pomene kule Msumbiji, ambako hufika meli zinazotoka Durban, hakuna gati kabisa. Angalia pia majira: vimbunga vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi huwa kati ya Novemba na Aprili, vikishamiri Januari hadi Machi. Upepo wa kusi nao huchafua bahari ya pwani yetu kwa miezi kadhaa katikati ya mwaka. Ikiwa kuna bandari moja inayokupeleka huko, chagua safari ambayo meli inaanzia au kuishia hapo, kisha ufike siku mbili mapema kwa ndege.

Sisi wenye pasipoti ya Kenya tuna jambo la ziada, nalo ni viza. Bandari ya badala inaweza kuwa nchi usiyo na ruhusa ya kuingia. Kisiwa cha Ugiriki kikibadilishwa kuwa Kuşadası, Uturuki, asiye na viza ya Uturuki anaweza kulazimika kubaki melini. Viza ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ikiwa ya kuingia mara moja ni hatari zaidi, kwa kuwa ukitoka eneo hilo hata kwa siku moja unaweza kuwa umeshaitumia. Omba ya kuingia mara nyingi, na uambatanishe ratiba ya meli. Réunion, kisiwa cha Bahari ya Hindi, ingawa ni ya Ufaransa, haimo ndani ya Schengen. Viza ya Paris haikufikishi pale. Cheti cha homa ya manjano kikae mkobani, si kwenye sanduku.

Siku yenyewe itakuwa ya baharini. Viti vya bwawani vitajaa kabla ya saa nne, kwa hiyo pata kimoja mapema au nenda sitaha za mbele ambako watu ni wachache. Kama uliyesafiri naye ni mzazi aliyeingoja bandari ile, mwachie akae na huzuni yake kwanza, mletee chai. Jioni mfungulie kalenda: Unguja ni kama saa moja na nusu kwa ndege kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, na Mombasa ni kama saa tano au sita kwa treni ya SGR kutoka Syokimau.