Nilivyokwenda Hamburg mara mbili kwa ajili ya mtori

Kuna kaka mmoja wa kwetu aliyesoma Ulaya kabla yangu. Jina lake nalihifadhi kwa sababu bado tunakutana kwenye harusi. Huyo ndiye aliyeniambia, usiku wa kuamkia safari, nitoe ndizi kwenye begi. "Dada, matunda hayaingii kule. Watakupiga faini mpaka ukome. Beba nyama ya kukausha, hiyo haina shida." Mama alikuwa ameniwekea chane mbili za mshare, ndizi za kupika, kutoka shambani Kibosho, zimeviringishwa kwenye magazeti kama vyombo vya udongo. Nikazitoa. Nikajaza nyama.

Nilipotua Ujerumani, afisa wa forodha alifungua begi, akanusa, akaondoka na nyama yote. Kumbe nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya ndivyo vinavyokatazwa kwa abiria. Kwa hasira nikaanza kusoma kanuni zao, ambazo nilipaswa kuzisoma nikiwa Moshi badala ya kumsikiliza mtu. Matunda mengi yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: nanasi, nazi, tende, lile tunda la Asia linalonuka liitwalo duriani, na ndizi. Ndizi! Zangu wakati huo zilikuwa zimeshaliwa na shangazi.

Chuo changu kiko Leipzig, na hapo ndipo kejeli inapokolea. Leipzig ndio mji alikoishi Hans Meyer, yule Mjerumani aliyefika kilele cha Kibo mwaka 1889 akarudi na jiwe la huko juu. Nusu ya jiwe akampa mfalme wao, likawekwa ukutani kwenye kasri la Potsdam. Kwa hiyo kipande cha Kilimanjaro kilivuka mpaka bila mtu kuuliza cheti, mimi nikaziacha chane mbili nyumbani kwa kuogopa.

Miezi mitatu ya kwanza nilikula kantini ya chuo. Sisemi vibaya, viazi vyao wanajua kuvipika, na kwa euro tatu nne mwanafunzi anashiba. Ila baridi ya Desemba ilipoingia, giza saa kumi jioni, mwili ulianza kudai mtori, ile supu yetu nzito ya ndizi za kupondwa na nyama. Ambaye hajakulia mlimani hataelewa. Kwetu mtori anapewa mzazi aliyetoka kujifungua ili arudishe nguvu, na mimi nilijiona kama nimejifungua mitihani.

Jaribio la kwanza: mtaa wa Eisenbahnstraße una maduka ya Waarabu, Waturuki na Waafrika, nikapata ndizi kubwa za kijani. Nilipozimenya nikajua ni mzuzu. Nikajipa moyo, ndizi ni ndizi. Jamani, mzuzu si wa mtori. Nilichemsha na mifupa saa mbili nzima, nikaponda mpaka kiganja kikatoka lengelenge, na bado ilikaa vipande vipande kama kokoto kwenye mchuzi.

Jaribio la pili: ndizi za supamaketi, nilizochagua zile zenye ukijani shingoni. Hizo ziliiva vizuri, zikalainika, zikawa na rangi nzuri kabisa. Nikaonja. Tamu! Mtori wa nyama ya ng'ombe, chumvi, kitunguu, na utamu wa uji wa mtoto. Nililia kidogo, sitadanganya, nikaula wote kwa sababu mifupa nilishailipia.

Mwanafunzi mmoja Mkenya akanidokeza kwamba Hamburg, mtaa wa Steindamm nyuma ya stesheni kuu, kuna maduka yanayoleta matoke za Uganda kwa ndege. Akanipa namba ya mama mmoja Mkongo mwenye duka. Nikapiga. Mama akanijibu Kiswahili cha Lubumbashi, kitamu mno: "Ndizi za kupika? Zinafikaka siku ya tano. Ukuye mapema, zinaishaka mbio." Nikamwambia sawa mama, nakuja.

Hapa niseme kuhusu usafiri. Nilikuwa na ile tiketi ya mwezi ya nchi nzima, wakati ule euro 49. Unapanda treni zote za mikoani, mabasi na tramu, ila treni za mwendo kasi usiziguse. Leipzig hadi Hamburg kwa treni za polepole ni kubadilisha Magdeburg, kisha Uelzen, saa sita hivi kama mambo yameenda sawa. Kama unayo tiketi hiyo, beba chakula, na kabla hujatoka angalia treni ya mwisho ya kurudi, si ya kwanza ya kwenda.

Jumatano nikatoka saa kumi na moja alfajiri, nikakosa mihadhara miwili, nikafika Steindamm kabla ya mchana. Mama ananiangalia. Ndizi hakuna. "Sikukuambia siku ya tano?" Nikamjibu, "Si ndiyo leo, mama? Jumatano." Akanyoosha vidole akahesabu polepole kama anamfundisha mtoto: kwanza, pili, tatu. "Leo ni siku ya tatu." Wenzetu wa Kongo wanaanza kuhesabu wiki Jumatatu, kwa hiyo siku yao ya tano ni Ijumaa yetu. Wote tunaongea Kiswahili, na Kiswahili hichohicho ndicho kilichonipeleka Hamburg bure. Alicheka mpaka akashika kaunta. Akanipa soda na kipande cha muhogo wa kuchemsha, akakataa hela.

Nikaona nisirudi bila kuona bandari. Kule gatini nikanunua mkate wenye samaki wa chumvi ndani, hajapikwa, na vitunguu vibichi. Mtu wa mlimani na samaki mbichi! Kipande cha kwanza nilikimeza nimefumba macho, cha pili nikafumbua, mkate wa pili nikanunua mwenyewe. Kurudi, treni ilichelewa, nikaachwa na ya kuunganisha Uelzen. Stesheni hiyo ilibuniwa upya na msanii Hundertwasser: nguzo zina rangi kama shanga, kuta zimepinda. Ni nzuri. Ukikaa hapo saa mbili Januari huku hujabeba chochote, uzuri unapungua.

Ijumaa ya wiki iliyofuata nikarudi. Zilikuwepo, za kijani kweli, zinatoa utomvu. Bei kama euro nne au tano kwa kilo, nikachukua kilo sita bila kuuliza zaidi. Tatizo likawa baridi, maana nje barafu na ndizi ikipigwa na baridi inakuwa nyeusi kama mkaa. Nikazifunga kwenye khanga, nikazibeba kifuani ndani ya koti. Kutoka Uelzen bibi mmoja wa Kijerumani akanisogelea, akainamisha shingo, akauliza kwa sauti ya chini ana miezi mingapi. Kijerumani changu cha kueleza ndizi za Uganda kilikuwa bado hakijafika. Nikamwambia mitatu. Akamaliza safari akiwanyamazisha vijana waliokuwa wanapiga kelele nyuma yetu.

Jumamosi nikapika. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya, na za akiba zimenye, zikate, zitie maji ya limau kisha friza, usiziweke nzima kwenye friji. Mengine mnayajua. Ulikuwa mtori. Mjerumani ninayekaa naye alionja akasema supu hii ya viazi ni nzuri sana. Nilimwacha nayo.

Nikampigia mama kwa video, nikamwonyesha sufuria. Akaisogelea simu mpaka nikabaki kuona paji la uso tu.

"Mzito vizuri. Ndizi umezitoa wapi?"

"Hamburg, mama. Zimetoka Uganda."

Akanyamaza. Nikasikia anamwambia baba pembeni, kwa sauti ya msiba: "Mtoto anakula ndizi za Uganda."